Dungu la Miguu ya Mwakani

Bibi yangu mzaa mama akipanda ngazi, magoti yanalia mpaka viboko ng'ambo ya mto wanainua vichwa. Wallahi siongezi chumvi. Nikiongeza, ni ya kuonjea tu.

Ilikuwa miaka ya vita vya Maji Maji, askari wa Mdachi wanachoma vijiji na mashamba. Lakini mpunga haujui vita. Mafuriko yakija, sisi wa bondeni tunahamia madungu, vibanda vya juu ya nguzo, tuamie ndege wasile mpunga, maji yakipita chini yetu.

"Mama, mwaka huu baki Mtunda, kwenye nchi kavu," mjomba akamwambia. "Askari wakitokea, nani atakushusha?"

"Mtunda nitakufa kwa kutazama ukuta. Na kubebwa sitaki, mimi si gunia." Akanigeukia. "Mume wangu, mkeo anazeeka. Nijengee njia."

Kwetu mjukuu ni mume wa bibi yake, hukatai. Nikaanza kusogeza vipandio vikaribiane. Akacheka.

"Hiyo unajengea miguu ya leo. Ya leo ninayo. Jengea ya mwakani, nitakapokwenda kwa makalio."

Nikaing'oa ngazi yote. Nikafuata boriti za mikoko mpaka Kiongoroni, kule deltani, nikatandaza mteremko mrefu, ukiuanza umeshiba unafika juu una njaa. Pembeni nikafunga fito za kushikia, chini kabisa, usawa wa mtu aliyeketi. Mwisho wa mteremko, majini, nikafunga mtumbwi.

Bibi, miguu bado anayo, akawa kila siku anashuka ameketi, anajifunza. Watu wa madungu ya jirani wakapiga vigelegele vya kejeli: "Bibi, hiyo ngazi ya kuku, unafuga kuku wakubwa?"

"Nafuga mume! Wako yuko wapi?"

Mjomba ndiye alichukia. "Mama, unajiitia ulemavu. Usijitabirie."

"Mtabiri si mimi, mwanangu. Magoti haya."

Mwaka wa pili miguu ikagoma kabisa. Na mwaka huohuo, asubuhi moja mpunga umeinama, tukaona moshi wa vijiji upande wa juu wa mto. Watu wakajitupa majini kama vyura. Mimi nilikuwa shamba la mbali, nikapiga kafi mpaka maji yakachemka. Nilipofika, mjomba naye anafika na wanaume wanne na shuka la kumbebea. Nikaparamia juu.

Dunguni hamna mtu.

Mjomba akashika nguzo. "Mama! Mama wee!"

"Punguza kelele, askari watakusikia."

Sauti ilitoka kwenye matete. Bibi ameketi ndani ya mtumbwi, kanga ameikaza kifuani, sufuria ya wali mbele yake, kafi mkononi. Ameshuka peke yake, amefungua kamba peke yake, amejificha peke yake. Kifua changu kilivimba nusura kipasue kanzu.

"Nimewangoja mpaka wali umepoa," akasema. "Wewe na shuka lako, panda. Litatufaa kukaushia maji."

Mjomba na wale wanaume wanne wakapanda nyuma yake, mmoja mmoja, na bibi akausukuma mtumbwi kuelekea deltani.