Mate Yangu Kwenye Dawa ya Chunusi

Mjukuu wangu anasoma chuo hapa hapa Tabora. Darasani kwao walipewa kazi ya kutengeneza jeli ya majani, waone kama inaua vijidudu vya chunusi. Yeye akachagua mshubiri na mwarobaini, na huo mwarobaini aliufuata Itetemia kwa miguu. Akapikia jikoni kwangu, huku mtaani Cheyo. Vichupa alivichemsha, mikono akaosha mpaka nikamuuliza, mke mwenzangu, unapika dawa au unakwenda kuswali?

Akaniambia nisiguse. Mimi sauti za watu naziweza, nikamrudishia ile yake ya puani: "Bibi, usiguse, kuna vijidudu." Kila shoga aliyepita uani nilimwigizia, tukacheka. Na uso wake mwenyewe umejaa chunusi, basi nikasema mganga kampata mgonjwa wa kwanza humu humu ndani. Hilo halikumchekesha.

Alipoingia kuoga nikavifungua vichupa. Mama yangu hakuwahi kumpa mtu dawa bila kuisomea. Nikasoma Fatiha, nikatemea mate kidogo kila kichupa, kama alivyokuwa akifanya yeye, nikafunika. Wallahi nilimtakia heri.

Siku ya nne alirudi kutoka chuoni, akanieleza. Jeli yake walipoiweka kwenye visahani vya kupimia haikuua kitu, tena yenyewe ndiyo ikaota uchafu. Mwalimu akamwambia mbele ya wenzake, akajifunze kunawa kwanza. Nikamwigiza huyo mwalimu, shingo nimeikaza, na wala sijawahi kumwona. Hakucheka. Alichukua sabuni ya kufulia akaenda kusugua mikono.

Kesho yake akasugua tena. Vidole vikaanza kuchubuka. Akasema atamwomba mwalimu amtoe kwenye kazi ile, labda kweli yeye ni mchafu. Na mimi nimekaa pale nachambua mchele, najua.

Siku mbili nzima nilinyamaza. Niliona afadhali yeye aitwe mchafu kuliko mimi kuitwa mshamba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, mate siyo.

Siku ya tatu nikamwambia. Akaiweka sabuni chini.

"Utalisema hilo mbele ya mwalimu, bibi?"

Nikavaa baibui, tukaenda. Mwalimu mwenyewe kijana wa kumzaa, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, halafu nikasema darasa zima linasikia: "Mate yaliyomo ni yangu. Huyu mtoto ananawa."

Mmoja nyuma akacheka, wengine wakatazama chini. Mwalimu akasema sawa, atapewa nafasi arudie.

Akarudia. Majani aliyatwanga upya, vichupa akachemsha upya, ila safari hii jikoni kwa jirani. Mimi nimekaa kizingitini kwangu, nausikia mchi. Sikumuuliza kwa nini kahamia huko.