Siku Akai Aliposoma Akitazama Ukuta

Kuna kisa kimoja kilichoanza mwaka 2012 ambacho hakijanitoka akilini, mwanangu, nami nakusimulia leo kabla hujawaamini wanaosema kwamba mtu anayenyamaza mbele za watu hana akili. Usiwaamini. Mimi niliwaamini kwa muda, nusura nimpoteze mdogo wangu.

Tulikuwa tukiishi Kakuma mjini, karibu na kambi ya wakimbizi. Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Nami, kwa kuwa ndimi mkubwa, niliacha shule darasa la tano nikawalea wadogo zangu kwa kuuza makaa kambini. Akai alikuwa kitinda mimba, miaka kumi na miwili, naye sasa yuko darasa la tano. Nyumbani alikuwa na maneno kuliko sisi sote. Aliiga sauti ya mwenye duka, mwendo wa katekista, hata kikohozi changu. Lakini mgeni akiinama tu kuingia mlangoni, sauti ilikatika. Mitihani ya kuandika alipita, ila walimu wake hawakuwa wamewahi kumsikia akisema neno.

Nikwambie ukweli, nilijivunia kimya chake. Kwetu mtoto hasemi mbele ya wageni mpaka mkubwa wa boma aseme, na mkubwa nilikuwa mimi. Majirani walisema, "Huyu amelelewa," nami nikavimba kichwa. Sikujua kwamba mtoto mwenye adabu akiruhusiwa kusema, husema. Akai aliruhusiwa mara nyingi, akabaki anatoka jasho viganjani.

Muhula wa tatu ulipoisha, mwalimu mkuu aliniita. Alisema Kiingereza kirefu, kisha akanisukumia karatasi. Walimu wawili walikuwa pale wakiitazama mikono yangu iliyojaa masizi. Niliona aibu kusema sielewi. Nikaweka sahihi. Nilipofika langoni ndipo nikamwomba askari wa shule anisomee nakala niliyopewa. Nilikuwa nimekubali kwamba Akai ahamishiwe Lodwar mwezi wa Januari, kwenye shule ya watoto wasiosikia.

Wasiosikia! Akai, ambaye alimsikia mbuzi akitafuna mfuko wa unga nyuma ya nyumba.

Utadhani nilirudi ofisini palepale. Sikurudi. Nilijiambia wenye elimu wanajua zaidi, nikaenda zangu kuchoma makaa.

Wiki hiyo watafiti walipita mtaani kwetu. Walikuwa wanachunguza woga wa kuwa mbele za watu, kwa watoto na kwa watu wazima pia. Aliyetumwa kwetu kuuliza maswali ni Mama Rebeka, mkimbizi wa Sudan Kusini, mama wa makamo mwenye sauti nzito.

"Ejok," alisalimia kwa Kiturkana chetu, akakalia dumu la maji na kufungua faili. "Akai, mwalimu akikuuliza swali, unasikia nini kwa mwili?"

"Hasikii kitu," nikajibu. "Ana adabu tu."

"Ukikula mbele ya watu, unaogopa?"

"Haogopi. Anakula vizuri sana."

Mama Rebeka akanigeukia. "Kumbe wewe ndiyo uko darasa la tano?"

Akai akacheka kwa pua.

"Mimi nauliza mtoto, mdomo yako inatoka mbio," akaendelea. "Umembeba huyu mpaka miguu yake imelala."

Nilikasirika. "Mama, usinifundishe kulea. Nimewalea hawa bila mtu."

"Hiyo najua, dada. Sasa ngoja. Kuna karatasi ya watu wakubwa. Hii jibu yako wewe."

Akaniuliza kama huwa naepuka ofisi. Akaniuliza kama huwa nakubali jambo nisilolitaka ili watu waache kunitazama. Hapo mdomo wangu ukasimama, mwanangu. Nikamweleza habari ya ile sahihi, na Akai akasikia kwa mara ya kwanza kwamba nilikuwa nimekubali ahamishwe.

Hakulia. Ningeona nafuu kama angelia.

"Basi mko wawili," Mama Rebeka akasema. "Hii siyo ujinga, siyo uchawi. Ni woga, na watu wanaisoma kama vile wanasoma malaria. Mimi sina dawa, naandika majibu tu. Lakini nimeuliza watu wengi, nimeona kitu: woga inaondoka kwa hatua ndogo. Akai, geuka. Nipe mgongo. Mimi sitakuangalia."

Akai akageukia ukuta wa makuti. Nilijibana ulimi kwa meno nisimjibie. Baada ya kitambo akasema, "Koo inafunga. Kama mtu ameikanyaga."

Mama Rebeka aliandika bila kuinua macho, kana kwamba ni jambo la kila siku. Alirudi mara tatu kabla ya Krismasi, kila mara swali moja zaidi, na mara ya mwisho Akai alimjibu akimtazama miguu.

Januari 2013 tulipanda lori hadi Lodwar. Kule shuleni hatukwenda. Tulishuka, tukanawa vumbi kwa shangazi yetu, mtaa wa Kanamkemer, tukaenda moja kwa moja kwa afisa wa elimu aliyeshughulikia uhamisho.

"Hii sahihi ni yako," alisema akiigonga kwa kalamu. "Unataka nini tena?"

"Niliweka kwa sababu niliogopa kusema sijui Kiingereza. Leo nasema. Sijui Kiingereza, na mtoto huyu si kiziwi."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Usidhani nilikuwa shujaa, nilitamani kutoka nje. Lakini nilibaki nimesimama.

Afisa akachukua kitabu. "Haya, asome."

Akai akakishika. Akanitazama kwa yale macho ya siku zote, ya kuniomba nimsemee. Nilitamani kusema kuliko nilivyotamani maji. Nikanyamaza. Ndipo akageuka, akaukabili ukuta uliotundikwa kalenda ya mwaka uliopita.

"Ageuke huku," afisa akafoka. "Hiyo ni dharau!"

"Ulisema asome," nikamwambia. "Hukusema akutazame."

Tukasubiri. Kisha sauti nyembamba ikatoka kule ukutani, ikasoma mstari, ikakwama, ikasoma mwingine. Ukurasa ulipoisha Akai akaufunua wa pili bila kuambiwa. Afisa alimwacha aumalize, akapiga mstari juu ya sahihi yangu, akasema polepole, "Mrudishe darasani kwake."

Njiani kurudi Kakuma, juu ya lori, Akai alikunja uso na kutoa sauti nzito: "Hiyo ni dharau!" Mzee mmoja tusiyemjua akaangua kicheko. Nikamtazama Akai, nikingoja ile sauti ikatike. Akarudia, kwa nguvu zaidi.

Basi nisikilize, mwanangu. Woga wako usiuite adabu, wala usimkubalie mtu auite ujinga, hata akiwa na tai shingoni. Ukishindwa kuwatazama, wape mgongo, lakini sema. Ukishindwa na ukurasa, soma mstari. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, sema huielewi, wacha wacheke. Kicheko chao kitaisha kabla ya jioni na sahihi yako itabaki. Nawe uliye mkubwa wa nyumba, mwache mdogo wako ahangaike na neno lake. Kumjibia ni rahisi. Kungoja ndiko kulea. Akai ni mtu mzima leo, na viganja bado humtoka jasho akisimama mbele za watu. Husimama hivyohivyo.

Akuj, Mungu wa baba zetu, akupe sauti yako. Na siku itakapochelewa kuja, akupe ukuta wa kuutazama, na mtu wa kusimama nyuma yako asiyekujibia.