Waya Ulioingia Nusu

"Mjomba, kitufe hiki kikibonyezwa, kule ndani nani anajua?"

Mtoto wa kike aliuliza hivyo akiwa bado wa chekechea, kasimama juu ya ndoo, kidole kwenye kibao cha vitufe cha mashine ya kufulia ya mama yake. Mjomba wake, fundi wa mashine hizo ambaye ukoo mzima ulimwita Daktari, alikuwa anakirudishia kibao hicho baada ya kukisafisha. "Anajua fundi," akajibu. Akakaza parafujo ya mwisho, akaona taa zimewaka, akaenda zake.

Kesho yake mashine ikagoma. Taa za kibao zote zinawaka, pipa halizunguki. Dada yake alifulia nyumba ya wageni shuka zake, na mashine ile ndiyo iliyomlisha. Daktari akazitazama taa, akatikisa kichwa. Kibao kina uhai, alijiambia, basi iliyokufa ni bodi kuu, ile inayoamuru mota. Hakufungua kitu.

"Mwanao kabonyeza ovyo," akasema. "Kaunguza bodi."

Mtoto akafokewa mpaka kilio kikamkauka. Dada akafua shuka kwa mikono, vidole vikachubuka, hadi bodi mpya ilipopatikana.

Siku ya kuifunga, Daktari akaukuta waya bapa unaotoka kwenye kibao umeingia nusu tu kwenye tundu lake, upande mmoja umechomoza. Aliyeuchomeka ni yeye mwenyewe. Akausukuma hadi ukalia tk, na bodi ile ile ya zamani ikalizungusha pipa. Masikio yakamwaka moto. Kabla dada hajatoka jikoni, akaizima mashine, akafunga bodi mpya, ya zamani akaisokomeza mkobani.

"Daktari wetu hashindwi," dada akasema, akimwekea chai. "Na wewe mtoto, ukigusa tena nitavikata hivyo vidole."

Akainywa chai. Tangu hapo, kila alipokuja alimwona mtoto akipita mbele ya mashine kaificha mikono mgongoni. Yeye alijifanya anatafuta bisibisi.

Msichana akakua, akaingia sekondari. Juzi Daktari alikuwa amekifungua tena kibao, dada akamwita bintiye aje ashike tochi.

"Tafuta mwingine, Mama. Mimi na mashine hatupatani. Hata fizikia naiacha."

Dada akacheka. "Kweli, muuaji wa bodi."

Daktari hakucheka. Akaweka bisibisi chini, na macho yake yakiwa sakafuni, akauinua waya bapa.

"Mpwa wangu, uliniuliza nani anajua. Nyuzi za upande huu zinapeleka umeme, ndiyo maana taa zinawaka. Za upande ule zinapeleka habari: kitufe kinasema, bodi inajibu. Waya ukiingia upande mmoja tu, taa utaziona, lakini habari haifiki. Siku ile waya uliingia nusu. Bodi haikuungua. Niliyeuchomeka ni mimi, na nilishajua kabla sijanywa ile chai."