Vidonge Kumi na Vinne

Kabla hajawa mwanafunzi wa dawa, Mama Sufuria alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka kumi na tisa. Alilisha watoto mia nne mara tatu kwa siku na hakuwahi kumiliki mzani. Chumvi aliipima kwa kiganja, mafuta kwa jicho, na ukimwambia chakula kimezidi chumvi alikushauri ukapime ulimi wako. Kitu kimoja tu kilimtia hasira jikoni, nacho ni kutupa. Kilichobaki kwenye ubao kilirudi chunguni, na kilichobaki kijikoni kilirudi mkebeni. Wasaidizi wake walisema yule mama angeweza kurudisha hata mvuke ndani ya sufuria, na jina likamganda hapohapo.

Shule ilipofunga jiko lake na kuanza kuletewa chakula kutoka nje, yeye alikuwa na miaka arobaini na mbili, magoti yenye maumivu, na cheti cha sekondari kilichokaa sandukuni muda mrefu hadi kikapata harufu ya nguo. Alama zake za sayansi zilikuwa nzuri. Akaomba nafasi ya kusomea ufundi wa dawa, akapata. Wifi yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Wenzio wanalea wajukuu, wewe unabeba begi," wifi alisema.

"Wajukuu watakuja," Mama Sufuria akajibu, "na watakuja na mafua."

Darasani aliketi na vijana waliolingana na bintiye, na jioni bintiye mwenyewe ndiye aliyemsimamia. Msichana alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na huruma.

"Chupa ina miligramu mia moja ishirini na tano katika kila mililita tano. Mtoto anatakiwa apewe miligramu mia mbili na hamsini. Utampa mililita ngapi?"

"Kumi."

"Umepataje?"

"Nimeona tu."

"Mama, mtihani hausahihishi macho. Andika."

Akaandika. Mwaka mzima na nusu aliandika, mpaka kidole chake cha kati kikaota sugu mpya juu ya zile za mwiko.

Mafunzo ya mwisho yalikuwa miezi mitatu ya kazi yenyewe, katika chumba cha dawa cha hospitali. Kilikuwa chumba chembamba chenye rafu mpaka darini, friji iliyosomwa joto lake asubuhi na jioni, sinki moja, meza moja, na dirisha la nondo ambalo wagonjwa waliinamia kuongea. Aliyekitawala alikuwa mfamasia wa miaka thelathini na mmoja, mwanamke wa maneno machache, na wote walimwita Mkuu. Sheria zake zilikuwa chache pia. Lebo inasomwa mara tatu: unapolitoa kopo rafuni, unapomimina, na unapolirudisha. Mezani linakaa kopo moja tu. Vidonge vinahesabiwa vitano vitano juu ya trei, kwa kijisu butu, si kwa vidole. Na mgonjwa haondoki dirishani kabla hajasema kwa mdomo wake jinsi atakavyotumia dawa.

Hiyo ya mwisho Mama Sufuria aliipenda kuliko zote. "Haya, nirudishie," alikuwa akisema, na watu wazima wenye ndevu na vyeo walimrudishia, kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Asiyejua alifundishwa upya, na foleni ikasubiri.

Ijumaa ya wiki ya mwisho Mkuu angetia sahihi daftari lake la mazoezi, na Jumatatu angeingia kwenye mtihani pamoja na wenzake. Bila ile sahihi angerudia miezi mitatu yote na kungoja mtihani wa awamu nyingine. Hayo aliyajua kila mtu, hata wifi yake, ambaye alikuwa anangoja aone.

Jumanne ya wiki hiyo ilikuwa siku ya kliniki ya sukari, na foleni ilifika nje kwenye ngazi. Saa tano Mama Sufuria alikuwa na kopo la dawa ya kushusha sukari mezani, jipya, la vidonge mia, amelifungua asubuhi hiyo mwenyewe. Akamimina, akahesabu sitini vya mzee mmoja aliyekuwa anasafiri, akavitia kwenye kifuko. Vilibaki vichache kwenye trei. Kabla hajavirudisha, Mkuu akamwita dirishani kwa sababu yule mzee alikuwa hasikii vizuri na alihitaji mtu wa sauti ya jikoni. Mama Sufuria akafunga kopo, maana kopo haliachwi wazi, akalirudisha rafuni, akaenda. Trei akaiacha mezani.

Aliporudi alikuta cheti cha dawa cha fundi cherehani mmoja mwenye mafua na kujikuna, vidonge kumi na tano vya mzio. Akatoa kopo la mzio, akasoma lebo, akafungua. Akaona vidonge kwenye trei. Vilikuwa vidogo, vyeupe, mviringo, na vya mzio vilikuwa vidogo, vyeupe, mviringo, ila vya sukari vina mstari mwembamba katikati na vya mzio havina. Mkono wake haukungoja akili. Mkono wa miaka kumi na tisa ulikiona kitu kimebaki ubaoni na chombo kiko wazi mbele yake, ukakirudisha. Kisha akamimina upya, akahesabu vitano, vitano, vitano, akamweleza fundi kwamba anywe kimoja usiku kwa kuwa vinaleta usingizi, fundi akamrudishia, akaenda zake. Mazoea yana taabu, na yake yalikuwa na taabu ya kimyakimya.

Saa saba alikuwa nje kwenye benchi akimaliza chakula chake. Akafunika bakuli lake la plastiki, na kifuniko kilipolia, akasimamisha mkono. Kopo la sukari alilifunga. Alilifunga kabla ya kwenda dirishani. Sasa vile vilivyobaki kwenye trei alivirudisha wapi?

Akaingia ndani mbio. Akamimina kopo la sukari, akahesabu. Vilitakiwa viwe arobaini, vilikuwa ishirini na sita. Akafungua kopo la mzio, na juu kabisa kidonge chenye mstari kilikuwa kinamtazama.

Chumba kilikuwa kitupu, wenzake wakila. Tusimsingizie utakatifu. Alichukua kijisu, akatoa kidonge cha kwanza chenye mstari akakiweka juu ya karatasi safi, akatoa na cha pili, na alikuwa amekwisha piga hesabu kwamba kwa dakika kumi kopo lingekuwa safi na Ijumaa ingekuja kama ilivyopangwa. Mikono ilikuwa imetulia kabisa. Kilichomshinda ni fundi cherehani. Kopo lingeweza kusafishwa, lakini kifuko kilishatoka getini ndani ya mkoba wa mtu, na mficha uchi hazai. Akaweka kijisu chini, akamwita Mkuu, akamwambia yote, pamoja na ile karatasi yenye vidonge viwili.

"Ngapi?" Mkuu akauliza.

"Kumi na vinne."

Mkuu akachukua daftari la wagonjwa, akapiga namba ya fundi mara tatu. Iliita bila kupokelewa.

"Nenda wewe, unamjua kwa sura. Mimi nachambua kopo. Ukifika, nipigie." Hakumgombeza, na Mama Sufuria angependelea agombezwe.

Pikipiki ilimfikisha kwa dakika kumi. Fundi alikuwa chumba cha mbele, mashine inanguruma, simu imefunikwa na vitambaa.

"Dada, kile kifuko cha asubuhi, umekunywa?"

"Si uliniambia usiku? Ukataka nikurudishie kama mtoto wa darasa la kwanza," fundi akasema bila kuinua macho. "Zinaleta usingizi. Nikinywa mchana nitajishona vidole."

Mama Sufuria alishusha pumzi, akaomba kifuko, akamimina vidonge juu ya meza ya kukatia. Akahesabu. Vitano, vitano, vinne.

"Kimoja kiko wapi?"

"Nilimpa mama mkwe saa sita na nusu. Naye anajikuna tangu jana. Yeye hashoni, asinzie tu."

Kati ya vile kumi na vinne, tisa vilikuwa na mstari. Akapiga simu. Mkuu akasema kwenye kopo amepata vinne, pamoja na vile viwili vya kwenye karatasi, amerudia mara mbili, ni vinne. Tisa na vinne ni kumi na tatu. Safari hii Mama Sufuria hakuhitaji kuandika.

Mama mkwe alikuwa chumba cha nyuma, amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umelowa jasho na vidole vinatetemeka. Hakuwa ameonja kitu tangu chai ya asubuhi. "Mwanangu, nina njaa ya ajabu," akasema, kana kwamba anaomba radhi.

Alikuwa bado anajitambua na anaweza kumeza, na hilo ndilo Mama Sufuria alilolitazama kwanza, kama alivyofundishwa. Akaomba sukari na maji. Akapima vijiko vitatu vya chai, kila kijiko akakisawazisha juu kwa kidole, akakoroga katika nusu glasi, akamnywesha polepole. Katika maisha yake yote hakuwahi kupima sukari kwa kijiko.

"Ana nini?" fundi akauliza mlangoni.

"Nimekosea mimi. Amekunywa dawa ya wagonjwa wa sukari. Inashusha sukari ya mwili, na yeye hana ya ziada. Mletee mkate ale, halafu twende hospitali. Atapata nafuu sasa hivi, lakini dawa ile haitoki haraka, inaweza kumshusha tena. Anatakiwa aangaliwe mpaka kesho."

Fundi alikuwa na mkasi mkononi. Aliuweka chini kwanza. "Mimi nilimwambia alale. Angelala?"

"Huenda asingeamka."

Walimpeleka kwa pikipiki wakiwa wamembana katikati, na Mama Sufuria hakutoka wodini mpaka dripu ilipoanza kudondoka. Mara mbili usiku ule sukari ilishuka, mara mbili wauguzi wakaipandisha. Jumatano jioni mama mkwe alirudi kwake kwa miguu yake, akilalamikia chakula cha hospitali.

Ijumaa Mkuu alifunua daftari la mazoezi, akalifunga bila kutia kitu. "Ungenificha, ningekufukuza," akasema. "Umesema, kwa hiyo unarudia." Kisha akabandika juu ya meza karatasi aliyoiandika kwa mkono: kilichobaki kwenye trei kirudi kabla kopo halijafungwa, na trei igeuzwe kabla kopo jingine halijafunguliwa.

Nyumbani alimwambia bintiye, akaenda kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi, akalia humohumo kwenye povu. Alilia kwa aibu, na kwa uchungu wa Jumatatu ya watu wengine. Bintiye alichukua kitambaa akawa anapangusa kilichosuuzwa, na wifi, alipokuja Jumapili na maneno yake tayari, aliwakuta wamekaa na daftari na hakupata pa kuyaweka.

Wiki ya tano ya ile miezi mitatu ya pili, mama mkwe alijitokeza dirishani na cheti chake mwenyewe, cha mzio, kilichoandikwa na daktari. Kijana wa zamu alinyoosha mkono akipokee.

"Wewe hapana," mama mkwe akasema. "Namtaka yule aliyetaka kuniua."

Mama Sufuria akaja. Alisahau hata kusalimia.

"Geuza trei."

Akaigeuza. Akasoma lebo kwa sauti, akahesabu vitano vitano mbele ya nondo, akarudisha vilivyobaki, akasoma lebo tena, akafunga. Mama mkwe akavisogeza vidonge vyake karibu na macho, kimoja kimoja, akitafuta mstari. Hakuupata.

"Haya, nirudishie," akasema mama mkwe.

"Kimoja usiku, ukishakula. Usimgawie mtu."

"Na nisipoamka kesho, utarudia miezi mingine mitatu." Akacheka peke yake, akatia kifuko kifuani, akaondoka.

Mama Sufuria hakucheka. Aliinakili namba ya fundi kutoka kwenye daftari, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajanawa uso, akapiga. Simu iliita muda mrefu. Kisha ikapokelewa, na aliyepokea hakuwa fundi.

"Nimeamka," sauti ilisema. "Na wewe sasa kalale."