Silinda ya Tatu Njiani Kwenda Kihesa

Kwetu Kihesa, baba hamjibii binti yake posa. Washenga wakishakaa sebuleni, shangazi ndiye anayeingia chumbani kumuuliza binti kama anawafahamu wageni, na neno analotoka nalo ndilo jibu la nyumba. Kwa Neema, binti wa kaka yangu, shangazi ni mimi peke yangu, na mimi nimeolewa Mbeya. Wiki ile alinipigia simu akiongea chini chini: "Shangazi, akija kuniuliza mtu mwingine nitanyamaza tu. Na nikinyamaza watasema nimekubali." Nilipomuuliza kuna nini, akasema ataniambia nikifika. Mtoto akishasema hivyo, huna tena cha kujadili, unafunga safari.

Mbeya, jioni ya kuamkia safari, nilibadilisha plagi za gari uani kwetu. Ni gari la zamani la silinda nne, bado lina waya za plagi, na mimi kazi ninayoiweza siipeleki gereji. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la mbao Mafinga. Spana niliishika kabla ya mwiko. Nilichomoa waya moja, nikabadilisha plagi yake, nikairudisha, ndipo nikagusa nyingine, maana ukizing'oa zote kwa pamoja utazichanganya na injini itakupigia kelele. Nilipowasha, ilitulia kabisa. Mume wangu, Baba Tumaini, Mnyakyusa asiyeamini kitu kilichofungwa bila fundi, alisimama mlangoni akatikisa kichwa. Nilimwambia akalale.

Asubuhi alilichukua mapema kwenda kujaza mafuta, akarudi nalo linang'aa mpaka matairi. Alisema haendi ukweni na gari la matope. Nilimsifu, tukapakia mchele na ndizi, tukaondoka.

Kuanzia Uyole hadi Igurusi barabara ilikuwa nyepesi. Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka upande wa Usangu, mashamba ya mpunga yakionekana kwa mbali. Tulipopita Chimala nilisikia kitu kidogo, kama mtu aliyekwamwa na tonge. Nikajifanya sijasikia. Baba Tumaini naye alisikia, akajifanya anatazama nje.

Baada ya Igawa, barabara ilipoanza kupanda, hapakuwa na kujifanya tena. Injini ilikuwa inamisi waziwazi. Gari linatetemeka, ukikanyaga mafuta halivuti, malori ya mizigo yanatupita na kutuachia moshi. Mwenzangu alianza. Alisema plagi si kazi ya uani. Alisema angejua angempigia fundi. Nilimjibu kwamba plagi nimezifunga mimi na zimefungwa sawasawa, na kama ana lingine la kusema aliseme kwa Kinyakyusa ili nisielewe.

Makambako tulisimama kando ya gereji moja. Kabla sijafungua boneti, kaka akapiga simu: wageni wameshafika, wazee hawapendi kukalishwa, na kama sitatokea mapema watamwomba mama mmoja wa kanisani akae kwenye nafasi yangu. Nilimwambia nipo njiani, asimruhusu mtu aingie chumbani kwa Neema.

Fundi wa pale alisikiliza kidogo tu, akasema plagi ni feki zote nne, tuliache gari hadi kesho. Baba Tumaini alikuwa ameshaanza kutoa mabegi. Nikawaambia wangoje. Injini ikiwa inaunguruma, nilikunja kitambaa kikavu mkononi nikachomoa waya moja moja na kuirudisha. Ya kwanza, injini ikayumba zaidi. Maana yake silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ya pili vilevile. Ya nne vilevile. Ya tatu nilipoichomoa hakuna kilichobadilika hata chembe.

"Plagi tatu ni nzima," nikasema. "Feki zote nne zimetoka wapi?"

Nikazima gari, nikalipa muda lipoe. Nilipoichomoa tena ile waya ya tatu na kuchungulia kwenye kishimo inamokaa plagi, niliona maji. Maji yenye povu. Nikanusa kidole: sabuni.

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anasoma bango la duka la pembejeo kwa makini sana.

"Walioliosha gari walisafisha na injini?"

"Ukweni lazima watafungua boneti," akasema taratibu. "Sikutaka waone uchafu."

Nilikasirika, nasema kweli, halafu hasira ikaniponyoka, nikacheka mpaka fundi naye akacheka. Niliyanyonya maji kwa ncha ya kitenge mpaka kishimo kikakauka, kwa sababu ukiifungua plagi maji yakiwa bado yamo, yatamwagikia ndani ya silinda. Plagi yenyewe ilikuwa na mstari mweusi ubavuni, cheche zilikuwa zikipita nje badala ya kwenda kwenye ncha. Nikafunga moja ya zile za zamani nilizobeba, nikafuta mpira wa waya ndani na nje, nikawasha. Injini ikatulia.

Mafinga tulipita bila kusimama. Harufu ya misonobari iliyotoka kupasuliwa iliingia dirishani na mimi nilikuwa nimekanyaga mafuta. Ule mlima wa kutoka Ipogolo kuingia mjini Iringa, gari liliupanda bila kulalamika.

Kihesa tulikuta viatu vimejaa barazani. Washenga walikuwa wafugaji, wazee ambao familia zao zilihama kutoka kaskazini zikaweka makazi Usangu. Yule mama wa kanisani alikuwa ameshainuka kwenda chumbani. Nilisema kamwene, salamu ya kwetu, kwa wote, nikampita, nikafunga mlango nyuma yangu.

Neema alikuwa amekaa kitandani na mtandio wake. Nilimuuliza kama anawafahamu wale wageni.

"Nawafahamu, Shangazi. Na yeye nampenda. Ila nimebakiza mwaka mmoja wa uuguzi, na baba ameshawaahidi harusi baada ya mavuno. Hakuniuliza."

Nilitoka na maneno hayohayo, sikupunguza wala kuongeza. Binti anawafahamu, binti anaridhia, binti anamaliza chuo kwanza. Kaka alinitolea macho. Mimi nilibaki nimesimama, maana shangazi hakai mpaka ajibiwe. Mwishowe mshenga mkubwa alikohoa, akasema, "Ng'ombe wataendelea kuzaa. Tutasubiri." Nilisikia Neema akilia nyuma ya mlango, na mimi machozi yakanitoka mbele za watu.

Kesho yake, baada ya ibada, tulirudi Mbeya polepole. Nilikuwa nimejifunza kwamba injini ikimisi usianze kulaumu kilicho kipya; gusa moja moja, usikilize. Hilo nilikuwa nalijua kwa gari tu, si kwa watu. Tulipoiacha Mafinga nyuma yetu, Baba Tumaini akaniuliza, "Hivi tungelala Makambako, wangemjibia Neema kweli?"

"Wangemjibia," nikasema.

Tuna mabinti wawili nyumbani. Tulipofika Igawa akasema, "Hawa wetu tutawauliza wenyewe."