Mchinjaji wa Mahafali

Mimi, mwalimu niliyetoboa kwa masomo ya jioni, hujitapa kwamba naheshimu dini za watu kuliko walimu wote wa Katesh. Siku ya mahafali nikatafuta Mwislamu wa kutuchinjia mbuzi, ili wazazi wote wale pamoja. Getini nikamwona mzee mmoja amevaa baraghashia nyeupe ya kuumiza macho.

"Shikamoo babu. Utatuchinjia?"

"Marahaba. Leta kisu."

Akachinja. Sahani zilipojaa pilau, nikapaza sauti mpaka Mlima Hanang ukasikia: "Waislamu, kuleni bila wasiwasi! Babu aliyechinja ndiye atakayetuombea."

Babu akasimama, akavua baraghashia, akafanya ishara ya msalaba.

Matonge yakabaki mikononi. Mama Zuhura, muuza vitenge, akanigeukia taratibu.

"Mwalimu, ulimuuliza babu dini yake, au uliiuliza kofia?"