Taa ya Injini Iliwaka, Nikamsingizia Mwalimu Wangu

Nimekosa, ndugu zangu, tena nimemkosea mtu aliyenipokea nikiwa sijui hata kufungua nati. Msinipe pole. Nisikilizeni tu.

Mimi ni makanika hapa Arua, upande wa Mvara. Kazi nilifundishwa Koboko na fundi mmoja Mnubi, nitamwita Mzee tu. Mzee hana mashine ya kupima magari. Anaweka sikio, anafunga macho, anakuambia ugonjwa. Siku niliyomaliza kujifunza alinipa spana yake mwenyewe, namba kumi, akasema, "Enda, kula jasho yako. Lakini usisemee gari ya mutu uongo."

Lo! Na mimi nikaitikia, "Ndiyo, Mzee."

Mwaka jana Hajati mmoja, muuza vitenge wa Koboko, alibadilishiwa cheni ya injini na Mzee. Gari ikatoka safi. Baadaye akaja kwangu huku Arua kubadilisha oili. Oili nyepesi inayotakiwa na injini ile ilikuwa imeniishia, nilibaki na dumu la oili nzito ya malori niliyonunua mpakani Vurra. Nikajisemea, ah, oili ni oili. Nikamimina.

Baada ya miezi miwili, taa ya injini ikawaka. Hajati akarudi analalamika: gari ikisimama inatetemeka, mara inazima. Nikachomeka mashine, ikatoa namba P0011. Maana yake vali zinafunguka mapema kuliko zinavyotakiwa.

"Nani aligusa cheni?" nikauliza, kifua mbele.

"Si Mzee wako wa Koboko!"

"Basi ni yeye, alifunga vibaya. Mzee amechoka, Hajati. Macho hayaoni tena."

Hivyo hivyo! Na hata bolti moja nilikuwa sijafungua.

Ndipo nikafungua, kwa spana ileile aliyonipa. Alama za cheni zote zimekaa sawasawa. Mzee alifunga vizuri. Nikachomoa vali ndogo inayopitisha oili ili vali za injini zifunguke kwa wakati wake. Kichujio chake kimeziba, tope jeusi tupu. Oili yangu!

Hajati alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua tatu tu kutoka kwangu. Ningesema. Badala yake nikainamia kazi. Nikasafisha, nikaweka oili inayostahili, taa ikazima. "Nimerekebisha kosa la Mzee," nikamwambia. Wallahi, akaniombea dua!

Sasa Hajati naye ana mdomo. Harusini, matangani, sokoni: msimpe Mzee gari, atawaharibia. Koboko ni mji mdogo. Wateja wa Mzee wakakatika mmoja mmoja. Habari zilinifikia, nikajifanya kiziwi.

Asubuhi moja Mzee mwenyewe akashuka kwenye boda mbele ya gereji yangu. Nilidhani amekuja kunitukana. Kumbe mkononi ana daftari jipya.

"Mwanangu," akasema, "nasikia niliharibu gari ya Hajati. Hii magari ya sasa imenishinda. Fundisha mimi hiyo mashine."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamfundisha. Ningefanya nini? Siku ya tatu tukafika kwenye namba ileile, nikamwambia ndiyo ya gari ya Hajati. Nikamsomea: kwanza angalia oili, iko kiasi gani, ni nzito au nyepesi. Halafu kichujio. Halafu vali ile ndogo. Cheni mwisho. Alikuwa anaandika polepole. Akaweka kalamu chini.

"Cheni iko mwisho?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na oili ya Hajati, nani alimwaga?"

"Ni mimi. Cheni yako ilikuwa sawa."

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alifunga daftari, akaitazama mikono yake. "Siku yote hii," akasema, "nilikuwa nachukia hii mikono."

Ijumaa nikaenda Koboko, nikamweleza Hajati mbele ya watu wake. Alinitukana mpaka nikakosa pa kuangalia. Wateja wangu kadhaa wamehama, na wana haki. Hilo nalibeba.

Lisilobebeka ni hili. Hajati aliona aibu, akampelekea Mzee gari la mwanawe abadilishe cheni. Mzee akanipigia simu nije. Nikamkuta ameinamia injini, anaangalia alama mara mbili, mara tano. Mtu aliyekuwa anafunga cheni huku anatupigia hadithi sisi wanafunzi wake! Akanigeukia, mimi mwongo.

"Mwanangu, angalia. Alama iko sawa?"

"Iko sawa, Mzee. Hata siku ile ilikuwa sawa."

Akainama, akaangalia tena.

Mafundi wenzangu, mashine ikikupa namba, usikimbilie kutafuta mtu wa kumbandika kosa. Anza na ulichogusa wewe. Na ukishakosea, sema kabla mwenye gari hajainuka kwenye benchi. Mimi nilisubiri ainuke.